MTOTO ANAKULA WAPI, TENA NA NANI?

Siku moja ukipata nafasi, nenda ukasimame karibu na ua wa shule ya msingi wakati kengele ya mapumziko inapogongwa. Usiende kwa direkta, wala usijitambulishe. Simama tu chini ya mti, utazame.

Utawaona watoto wakitoka mbio kama kuku waliofunguliwa bandani. Kwa muda kidogo utadhani kwamba wote ni sawa: sare ni moja, vumbi ni moja, kelele ni moja. Ngoja kidogo. Mara wanaanza kugawanyika. Wenye faranga mkononi wanamzunguka mama mwuza maandazi penye lango. Wenye kikopo kutoka nyumbani wanakaa kivulini, wawili wawili, wakifunua muhogo wa jana au ndizi za kuchemsha. Wanaokaa jirani wanakimbia kwao, nao hurudi wakijipangusa midomo. Wapo na wengine. Baadhi yao hucheza mpira kwa bidii kupita wote. Baadhi huenda kwenye bomba, hunywa maji mengi, halafu huketi nyuma ya darasa mpaka kengele igongwe tena.

Hao wa mwisho ndio nataka tuzungumze habari zao, maana nami nalikuwa mmoja wao.

KIKOPO KITUPU

Mwaka ule baba alikuwa mgonjwa, na shamba letu lilikuwa mikononi mwa mama peke yake. Asubuhi tulikula kilichobaki usiku, kama kilibaki. Lakini mama hakukubali niende shuleni mikono mitupu. Alinipa kikopo cha bati chenye kifuniko, akakifunga vizuri kwa kitambaa safi, na ndani yake hamkuwa na kitu. Hatukuyazungumza mambo hayo hata siku moja. Yeye alijua, nami nalijua.

Wakati wa mapumziko nalikwenda nyuma ya kibanda cha useremala, nikawapa wenzangu mgongo, nikafungua kikopo, nikatafuna hewa. Kisha nalijipangusa midomo na kurudi. Ilifaa muda wa majuma mengi. Siku moja rafiki yangu mmoja alinifuata nyuma ya kibanda, akaniambia kama watoto wanavyoambiana kila siku: «Nimegee.» Nalificha kikopo kifuani, nikamjibu: «Sitaki.» Akarudi kwa wenzake, akawatangazia kwamba mimi ni mchoyo. Jina hilo lilinishika kama gundi mpaka mwisho wa mwaka. Nami sikulikataa. Nalipenda zaidi kuitwa mchoyo kuliko kuitwa mwenye njaa.

Mwaka uliofuata tulipata mwalimu mwingine. Sijui kama aliona neno au aliambiwa. Asubuhi ya kwanza alileta ungo mpana, akauweka juu ya meza yake, akasema: «Kila mwenye chakula akiweke hapa. Saa nne tutagawana.» Tuliweka. Mimi naliweka ndizi mbili, maana siku ile Mungu alitujalia. Saa nne alimgawia kila mtoto kipande chake, na yeye mwenyewe akachukua cha mwisho, kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Tulikula mahali petu pa kusomea, tukiwa tumeketi, na hakuna aliyekwenda nyuma ya kibanda.

Mambo hayo yalidumu majuma matatu. Wazazi wengine walikwenda kwa direkta kunung'unika. Walisema: «Nampikia mwanangu mayai, mbona anarudi ameshiba muhogo wa watu nisiowajua?» Siwezi kuwadharau, kwa kuwa mzazi hupika kwa ajili ya mwanawe, si kwa ajili ya darasa zima. Basi ungo ulirudishwa nyumbani kwa mwalimu, na sisi tukarudi kwenye vikopo vyetu.

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma habari za nchi nyingine, nami nimeona kwamba ungo ule wa mwalimu wangu umewahi kujaribiwa mahali pengi duniani. Pengine ulishindwa kama kwetu. Lakini iko nchi moja ambayo ulifaulu hata ukawa sheria.

CHAKULA CHA WAJAPANI

Nchi hiyo ni Japani. Mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, upande wa kaskazini, watawa wa dini ya Buddha walifungua shule ndani ya hekalu lao kwa ajili ya watoto wa maskini. Waliona kwamba watoto hao walikuja bila chakula. Wakaanza kuwapa adhuhuri matonge ya wali, samaki wa chumvi wa kuchoma, na mboga za kutiwa chumvi. Gharama yake ilitoka wapi? Watawa wenyewe walizunguka kijiji kwa kijiji wakiimba sala zao na kuomba sadaka. Wajapani husema kwamba hapo ndipo chanzo cha chakula cha shule nchini mwao.

Ikaja vita kuu ya pili, na chakula hicho kikakatika. Vita ilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Japani ilikuwa majivu, na watoto walikuwa mifupa mitupu. Ndipo vyama vya huruma vya Marekani vilipoungana kuwapelekea msaada: vya Wakatoliki, vya Waprotestanti, hata vya Waquaker, ambao hukataa kabisa kushika silaha. Jambo hilo linastahili kukumbukwa, maana mwaka mmoja tu nyuma mataifa hayo mawili yalikuwa yakiuana. Tarehe 24 Desemba 1946, katika shule moja ya Tokyo, vyakula vya kwanza vilikabidhiwa kwa sherehe. Hata leo shule za Japani huwa na juma la kukumbuka chakula cha shule kila mwaka kuanzia tarehe 24 Januari. Waliisogeza mbele mwezi mmoja, kwa sababu mwisho wa Desemba watoto wako likizoni.

Kisha UNICEF ilileta maziwa ya unga yaliyoondolewa siagi. Ukikutana na mzee wa Kijapani aliyesoma wakati huo, mwulize juu ya maziwa yale, naye atakunja uso: harufu yake haikusahaulika. Mwaka 1950 miji 8 mikubwa ilianza kutoa mlo kamili pamoja na mkate wa unga wa ngano wa Marekani. Nyama ya nyangumi nayo ilikuwa ya kawaida, kwani ilikuwa rahisi kuliko ya ng'ombe. Mwaka 1954 ikatungwa Sheria ya Chakula cha Shule. Wali, ambao ndio chakula chao cha asili, haukuingia rasmi katika chakula cha shule mpaka mwaka 1976! Mtu akipokea msaada, mara nyingi hupokea na chakula cha mwenye kumsaidia. Tulikumbuke jambo hilo tutakapozungumza juu ya mihogo yetu.

DARASANI, SI PENGINEPO

Sasa tuje kwenye swali letu la mahali. Katika shule za msingi za Japani, zilizo nyingi hazina chumba cha kulia. Watoto hula darasani, juu ya madawati yale yale waliyoandikia hesabu. Adhuhuri ikifika, husogeza madawati, wanne au sita kwa pamoja, hunawa mikono, na kila mmoja hutandika kitambaa chake alichotoka nacho nyumbani.

Nani anapakua? Watoto wenyewe. Kila juma kundi moja la darasa huwa na zamu. Wenye zamu huvaa kanzu nyeupe, kofia na kitambaa cha mdomo, huenda jikoni, na kurudi wakisukuma kigari chenye sufuria. Mmoja hupakua wali, mwingine supu, mwingine samaki au nyama, mwingine hugawa maziwa. Mtoto wa miaka 7 hupakua supu ya moto, na mwalimu husimama karibu akitazama. Siku ya Ijumaa wenye zamu huchukua zile kanzu nyeupe nyumbani kuzifua na kuzipiga pasi, na Jumatatu huwakabidhi wenzao. Kwa hiyo mama wa mtoto mmoja hufua nguo ambayo mtoto wa mama mwingine ataivaa. Jambo hilo dogo limenipendeza kuliko yote.

Hakuna anayeanza kula mpaka wote wamepata. Ndipo wote husema pamoja neno moja, *itadakimasu*, maana yake: napokea kwa unyenyekevu. Mwalimu anakula pamoja nao, chakula kile kile, katika bakuli ya namna ile ile. Kikibaki chakula kidogo, wenye kutaka kuongezewa hushindana kwa mchezo wa mikono, na aliyeshinda huchukua. Mwisho huosha maboksi ya maziwa, hurudisha vyombo, na kufagia darasa.

Kabla ya watoto kula, mkuu wa shule huwa ameonja. Hiyo ni kazi yake ya kila siku: sinia yake huletwa kwanza, naye hula kabla yao, ili kama chakula kina ubaya, ubaya uonekane kwake kwanza. Wajapani walifundishwa uangalifu kwa machozi. Mwaka 1996, katika mji wa Sakai, chakula cha shule kilichoingiwa na vijidudu kiliwaugua watoto maelfu, na wengine wakafariki. Tangu wakati huo sehemu ndogo ya kila chakula huwekwa katika barafu muda wa majuma mawili, ili ugonjwa ukitokea wapate kuupima.

Tusidhani lakini kwamba huko kila kitu ni asali. Wapo walimu waliomlazimisha mtoto kumaliza sahani, wakamweka mezani peke yake huku wenzake wakicheza nje, naye akichukia shule kwa sababu ya karoti tatu. Wazazi wamelalamika sana juu ya desturi hiyo, na ni haki yao. Tena, ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, watoto waliamriwa kula wakitazama ubao, kila mmoja peke yake, bila kusema neno. Shule nyingi zilishika amri hiyo zaidi ya miaka miwili. Watoto walikuwa wakipata wali ule ule na samaki yule yule, lakini walisema kwamba chakula kimepoteza utamu.

AIBU MEZANI

Marekani nayo ina Sheria ya Chakula cha Shule tangu mwaka 1946. Huko watoto hula katika ukumbi mkubwa, wakipanga mstari mbele ya meza ya wapishi. Wenye uwezo walilipa bei kamili, wenye uwezo mdogo walilipa kidogo, na maskini walikula bure. Mpango wenyewe ni mwema. Lakini mlipaji lazima ajulikane, na hapo ndipo aibu ilipoingia. Mahali pengine mtoto ambaye wazazi wake walichelewa kulipa alifika mbele ya mstari, sahani yake ya moto ikachukuliwa mbele ya macho ya wenzake, ikatupwa, naye akapewa mkate baridi wenye jibini. Shule nyingine zilimpiga mhuri mkononi, ili mama auone jioni. Nikisoma hayo namkumbuka mama yangu na kitambaa chake safi.

Jimbo la New Mexico lilikataza mambo hayo kwa sheria mwaka 2017. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka wa masomo ulioanza 2022, kila mtoto wa shule za serikali anayetaka chakula hupewa bila kuulizwa baba yake ni nani. Finlandi ilikuwa imekwisha kufanya hivyo zamani. Sheria yao ni ya mwaka 1943, wakati wa vita, na ilipofika mwaka 1948 shule zote za msingi zilipaswa kutoa mlo bila malipo. Wala hawakuwa matajiri siku zile. Watoto wenyewe walichuma matunda ya msituni na kusaidia kulima viazi vya shule, na maziwa na mkate walitoka navyo nyumbani.

India walikutana na shida ya namna nyingine. Katika jimbo la Madras, ambalo leo huitwa Tamil Nadu, waziri mkuu wa jimbo, Bwana Kamaraj, alianzisha chakula cha adhuhuri mwaka 1956, kwa kuwa aliona watoto wanaacha shule kwa njaa. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya nchi iliamuru serikali za majimbo yote kuwapa watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa. Leo hakuna mpango wa namna hiyo duniani unaolisha watoto wengi kuliko huo wa India. Lakini watoto waliposhikwa na kusubiri sahani, ikaonekana kwamba wazazi wa kabila za juu hawataki wana wao wale pamoja na watoto wa wale wanaohesabiwa kuwa wanyonge, na hasa hawataki chakula kilichopikwa na mama wa watu hao. Mahali fulani mpishi alifukuzwa. Mahali pengine watoto waliketishwa mistari miwili mbalimbali. Tena mahali pengine, mwalimu mwenye moyo alikaa mwenyewe katikati, akala kwanza, na watoto wakamfuata. Mtoto hana ukabila tumboni, hufundishwa.

Sisi tusiwacheke. Tumekwisha kusikia wazazi wa kwetu wakisema juu ya muhogo wa watu wasiowajua.

NA SISI?

Katika Kongo, mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya shule za msingi za serikali ni bure. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia, na madarasa yakajaa hata kukaa wanne kwenye dawati la wawili. Shule nyingi zina vipindi viwili, wengine asubuhi na wengine alasiri. Mahali pachache pana kantini za mashirika ya msaada, hasa palipo na wakimbizi. Penginepo pote, mtoto anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kati ya hapo tumbo lake ni shauri la wazazi wake.

Watu husema: tutaweza wapi? Basi tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu maneno ni upepo. Mashirika yenye kulisha watoto shuleni mara nyingi huhesabu kwa mtoto mmoja gramu 120 hadi 150 za unga au mchele, gramu 30 hadi 40 za maharagwe, na gramu 10 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Tuchukue kipimo kikubwa. Darasa la watoto 60 litahitaji kilo 9 za unga, kilo 2 na gramu 400 za maharagwe, na gramu 600 za mafuta kwa siku moja. Shule ya watoto 400 itahitaji kilo 60 za unga, kilo 16 za maharagwe na kilo 4 za mafuta. Hizo ni kwa siku moja. Zizidishe kwa siku tano za juma. Si mzigo wa kubebwa na mtu mmoja. Lakini mzazi akiambiwa alete kwa juma unga chini ya kilo moja na maharagwe gramu 200 kwa kila mtoto, anaweza kuona kwamba jambo hili si ndoto, ingawa kwa mjane mwenye watoto watano bado ni mlima.

Tena haitoshi kupima unga. Mihogo peke yake hujaza tumbo, lakini hailishi damu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za konzo, ugonjwa wa kupooza miguu katika nchi ya Kwango. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na mama wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, bila samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha pamoja nayo. Kwa hiyo bugali wa shule usiwe bugali na chumvi tu. Kando ya Tanganyika wako ndagala. Kando ya Kivu wako sambaza, ambao wenyewe walitolewa Tanganyika na kutiwa ziwani humo karibu na mwaka 1960, na leo watu wa Bukavu husahau kwamba ni wageni. Konzi moja ya samaki hao wakavu, iliyotwangwa na kutiwa ndani ya sombe, ni kitu kikubwa kwa mtoto.

Mama wapishi wataniambia: «Bwana, umesahau kuni.» Sijasahau. Maharagwe ndiyo yanayokula kuni kuliko yote. Na katika milima ya Bukavu huchelewa kuiva kuliko kule Uvira ziwani, kwa sababu mahali pa juu maji huchemka kabla ya kupata moto wote. Basi yalowekwe tangu jioni, na maji yale yamwagwe, kuni zitapungua. Jiko la udongo lililozungukwa pande zote hushinda mafiga matatu. Na jiko liwe mbali na madarasa, kwa maana moshi nao ni adui wa macho ya watoto.

Mahali pa kula napo pana shida yake. Darasa la Wajapani lina watoto 30 au 35. Letu lina 70. Anayetaka kufuata desturi yao atapata supu imemwagika juu ya madaftari siku ya kwanza. Mimi naona kwamba kwetu ni afadhali uani, chini ya miti, juu ya mikeka, lakini kila darasa na mwalimu wake, na wote waketi kabla ya yeyote kuanza. Mvua ikinyesha, basi darasani. Mwalimu ale nao. Wako watakaosema kwamba mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa miezi mitatu atafurahi sana kula nao, nami sicheki nikisema hivyo.

Nairobi wamepata shauri jingine. Tangu mwaka 2023 serikali ya mji huo, pamoja na shirika liitwalo Food4Education, imejenga majiko makubwa ya kupikia shule nyingi kwa pamoja, na chakula hupelekwa kwa magari. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na wengine. Mtoto huvaa kikuku mkononi, hukigusisha kwenye chombo kidogo, na hesabu hufanyika. Mwenzake aliyesimama nyuma yake hawezi kujua nani amelipiwa na nani amelipa. Rwanda nao, tangu mwaka 2021, wamepanua chakula cha shule mpaka kwa watoto wadogo wa shule za msingi, mzazi akitoa sehemu ndogo na serikali ikitoa kubwa. Hatuna magari ya Nairobi. Lakini lile la kuficha nani ametoa na nani hakutoa halihitaji gari. Komite ya wazazi inaweza kupokea unga usiku, nyumbani kwa mama mmoja mwaminifu asiyesema ovyo, na daftari likae kwake, si ukutani mwa shule. Nimeona orodha za wasiolipa zimebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mtoto hujifunza kusoma jina lake hapo.

Nimeuliza katika shule moja ya parokia, ambako mama kumi na wawili wamejipanga kupika siku mbili kwa juma, Jumatatu na Alhamisi. Hawana msaada wa nje. Wana sufuria mbili za kuazima na shamba dogo la shule. Niliwauliza kwa nini siku mbili tu. Mama mkubwa wao alinijibu: «Za tatu hatuna. Lakini siku hizo mbili hakuna mtoto anayekosa shule, hata wale wa mbali. Siku ya Ijumaa njoo uhesabu mwenyewe.» Nalikwenda Ijumaa, nikahesabu. Madawati mengi yalikuwa na nafasi.

Kuhusu yule rafiki yangu wa nyuma ya kibanda cha useremala: tungali hai wote wawili. Mwaka jana tulikutana katika arusi, tumeota mvi. Alinishika mkono kwa furaha, akanikalisha karibu naye, akasukuma sahani ya nyama mbele yangu, akawaambia watu wa mezani: «Mtazameni huyu vizuri. Shuleni tulimwita Mchoyo.» Watu walicheka sana, nami nikacheka nao. Mpaka leo sijamwambia.